Nyumba Moja, Mikataba Miwili

Familia za askari zinaufahamu uhamisho. Amri ikifika, vyombo hufungwa, watoto hutafutiwa shule nyingine, na nyumba ya kambini hurudishwa pamoja na funguo zake. Lakini wako mume na mke wanaoyachagua maisha ya namna hiyo kwa hiari yao. Hufundisha Kiingereza mwaka mmoja au miwili katika nchi ya kigeni, hutembea kwa akiba waliyoiweka, kisha hushika chaki mahali pengine. Wengi huelekea Japani au Korea ya Kusini, ambako serikali huwaajiri wageni wasaidie katika shule zake: Japani tangu mwaka 1987 kwa mpango uitwao JET, na Korea tangu mwaka 1995 kwa mpango wa EPIK.

Kwa mtazamaji wa mbali maisha hayo yanapendeza, na kwa sehemu ndivyo yalivyo. Shule ya Korea kwa kawaida humpa mwalimu mgeni nyumba au posho ya nyumba. Sheria ya kazi ya huko humpa mfanyakazi aliyetimiza mwaka kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku 30. Mishahara miwili ikiingia chini ya paa moja, na chakula cha jioni kikapikwa nyumbani, akiba hukua upesi.

Jambo lisilosemwa sana ni kwamba mwajiri hakuiajiri ndoa. Ameajiri watu wawili, kila mmoja kwa karatasi yake. Mpango wa JET hujaribu kuwaweka wanandoa karibu, lakini hautoi ahadi, na vituo vyake vimetawanyika toka Hokkaido yenye theluji hadi visiwa vya Okinawa. Nchini Korea, viza ya mwalimu wa lugha, yaani E-2, imefungamana na mwajiri. Mume akiachishwa kazi, mshahara na nyumba huondoka pamoja, na ruhusa yake ya kukaa nchini hutikisika. Anaweza kubaki kama mtegemezi wa mkewe, lakini mtegemezi wa namna hiyo kwa kawaida haruhusiwi kufanya kazi. Japani ni nafuu kidogo: akipata kibali, hufanya kazi hadi saa 28 kwa juma. Wanaoishi pamoja bila cheti cha ndoa hawana hata mlango huo. Naye aliyeondoka mwezi mmoja kabla mwaka haujatimia hana kiinua mgongo cha kudai.

Kisha kuna miezi ya katikati. Mwaka wa shule wa Korea humalizika Februari, na walimu wengi wa JET huwasili Japani mwishoni mwa Julai au mwanzoni mwa Agosti. Bahari yenyewe si kitu, maana meli ya usiku huivuka toka Busan hadi Shimonoseki. Lakini ni karibu nusu mwaka bila mshahara wala nyumba. Bwana huiita safari. Bibi anayeshika mfuko ana jina lake jingine. Mahali pa kukiweka kiinua mgongo cha wote wawili ni hapo, wala si katika zawadi za kurudi nazo nyumbani.

Upweke nao una gharama yake. Kambini, mume na mke wakigombana, jirani hubisha hodi na kuwasuluhisha. Katika chumba kimoja mjini Daegu, penye majirani wasioelewana nao lugha, kila neno humrudia yule yule mmoja.

Si kila mwenye Kiingereza anayeweza kuijaribu njia hii. Viza ya E-2 kwa walimu wa Kiingereza hutolewa kwa kawaida kwa raia wa nchi saba: Marekani, Kanada, Uingereza, Ayalandi, Australia, Nyuzilandi na Afrika Kusini. Mwalimu wa Kampala hayumo, hata kama alisomeshwa kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Wakala anayemwahidi viza hiyo kwa malipo anauza asichokuwa nacho.

Kwa wale ambao mlango uko wazi, lipo swali la kuulizwa kabla ya kutia sahihi, nalo huonekana dogo mno: nyumba watakayolala wote wawili imeandikwa katika mkataba wa nani?