Nani Ajuaye? Kicheko na Wahusika wa Filamu Tatu za Miaka ya Themanini

Futuhi ni mtoto wa kambo katika uhakiki wetu. Tunapochambua tanzia, hujaza kurasa tukieleza anguko la mhusika mkuu na dosari iliyomwangusha. Tunapofikia kichekesho, hutosheka kusema kwamba kimetuvunja mbavu, kisha tukafunga daftari. Ilhali kicheko hakizuki hivi hivi. Penye kicheko pana anayechekwa, na pana aliyepanga achekwe.

Katika makala haya ninakusudia kuwalinganisha wahusika watatu wa filamu za kuchekesha za miaka ya themanini ya karne iliyopita: Xi wa The Gods Must Be Crazy (1980), Billy Ray Valentine wa Trading Places (1983) na Akeem wa Coming to America (1988). Wote watatu ni watu weusi waliochekesha watazamaji wa mabara mengi. Aghalabu mjadala kuhusu aliye bora kati yao huishia kwenye swali la nani alichekesha zaidi. Nionavyo mimi, kipimo hicho ni kibovu. Swali lifaalo kuulizwa ni hili: katika kichekesho husika, ni nani ajuaye na ni nani asiyejua?

Tuanze na Xi. Katika filamu hiyo iliyoongozwa na Jamie Uys wa Afrika Kusini, chupa ya Coca-Cola inatupwa kutoka kwenye ndege na kuiangukia jamii ya Wasani katika jangwa la Kalahari. Chupa ni moja na watu ni wengi; kwa mara ya kwanza watu waliozoea kugawana kila kitu wanagombana. Xi anafunga safari kwenda kuitupa mwisho wa dunia. Wazo lenyewe ni zuri, na kejeli yake dhidi ya ustaarabu wa kupapia vitu ina mashiko. Isitoshe, msimulizi anawamiminia Wasani sifa tele.

Hata hivyo, ni nani anayezitoa sifa hizo? Ni msimulizi maizi, asiyeonekana, anayezungumza Kiingereza juu ya kichwa cha Xi. Xi anapokutana na mwalimu Kate Thompson na kumwona kuwa mtu mwenye sura mbaya kupindukia, mzaha huo, ambao ungekuwa silaha yake, unatufikia kwa kinywa cha msimulizi. Anaposhtakiwa kwa kumuua mbuzi wa wenyewe, hafahamu mahakama ni nini wala kosa lake ni lipi, na maneno yake hayana budi kupitia kwa mkalimani. Mtazamaji anajua chupa ni chupa, gari ni gari na hakimu ni hakimu; Xi hajui. Kinaya cha kidrama kinamwelemea yeye karibu kila hatua. Ni kweli kwamba mwishoni anawaokoa watoto waliotekwa nyara, kwa ustadi wake wa kulenga mishale. Lakini hata hapo mpango si wake. Yeye ni mkono unaotumwa.

Hebu tulinganishe kesi hiyo na zile za Vioja Mahakamani, kipindi ambacho Wakenya wamekitazama tangu enzi za Sauti ya Kenya. Humo mshtakiwa hujitetea kwa Kiswahili chake mwenyewe, kiwe sanifu au cha kuungaunga, na mara nyingi kiongozi wa mashtaka ndiye hutokwa na jasho. Tunamcheka mshtakiwa, naam, ila naye ana zamu yake ya kutucheka. Xi hakupewa zamu hiyo.

Jambo hili lina uzito kwa sababu filamu hiyo ilitengenezwa wakati wa utawala wa ubaguzi wa rangi. Mwaka huo huo wa 1980, John Marshall alitoa filamu ya hali halisi kuhusu mwanamke wa Kisani aitwaye N!ai. Inawaonyesha Wasani wa Tsumkwe, nchini Namibia, wakitegemea chakula cha mgao na wakiandikishwa katika jeshi la Afrika Kusini. Inaonyesha pia upigaji picha wa kichekesho cha Uys ukiendelea. Watu ambao kichekesho kilidai hawajui chochote kuhusu ulimwengu wa nje walikuwa wameshafikiwa na ulimwengu huo, tena kwa bunduki. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: N!xau, Mnamibia aliyeigiza Xi na kufariki mwaka wa 2003, ni mwigizaji wa kipaji cha ajabu. Dosari ni ya mhusika aliyeandikiwa.

Billy Ray Valentine, anayeigizwa na Eddie Murphy, anaanza mahali pale pale alipo Xi. Ndugu wawili matajiri wa Philadelphia, Randolph na Mortimer Duke, wanawekeana dau la dola moja: je, mtu huumbwa na nasaba yake au na mazingira yake? Wanamtoa ombaomba Billy Ray barabarani na kumweka kwenye kiti cha Louis Winthorpe, kijana wa tabaka la juu, huku Louis akisukumwa kwenye ufukara. Billy Ray hajui kwamba yeye ni panya wa majaribio. Kisha, akiwa amejificha chooni, anawasikia ndugu hao wakilipana ile dola na wakipanga kumrudisha alikomtoa. Kuanzia hapo kinaya kinageuka. Ajuaye sasa ni Billy Ray. Wasiojua ni matajiri. Anamtafuta Louis, wanaungana, na kwa kuitumia biashara ile ile ya maji ya machungwa waliyofundishwa na wakubwa wao wanawafilisi. Huyu ni mhusika duara kwa maana kamili: anajifunza, anachagua, anatenda.

Ila lulu hii ina doa. Garimoshini, mashujaa wetu wanapojigeuza sura ili kumnasa adui, Billy Ray anajifanya mwanafunzi kutoka Kamerun, naye Louis, Mzungu, anajipaka rangi nyeusi usoni na kujidai Mjamaika. Mtu aliyetoka kuchekwa na matajiri anajiokoa kwa kumtwika Mwafrika kicheko hicho.

Miaka mitano baadaye, Murphy na mwongozaji yule yule, John Landis, walirejea na Coming to America. Safari hii Mwafrika ni Akeem, mwana wa mfalme wa Zamunda, anayekwenda Queens, New York, na kupiga deki mkahawani ili apate mke atakayempenda yeye na si mali yake. Akeem anajua tangu mwanzo. Wasiojua ni wale wanaomdharau. Abunuwasi angemtambua kama jamaa yake. Kuna hata tukio ambapo anawapa mafukara wawili wa barabarani kitita cha fedha, na mafukara hao ni Randolph na Mortimer Duke!

Atakayepinga atasema kwamba Zamunda haipo kwenye ramani yoyote, kwamba ni Afrika ya ndoto ya Kimarekani, yenye ndovu bustanini, ilhali Xi angalau aliigizwa na Msani aliyezungumza lugha yake. Hoja hiyo ninaikubali. Naongeza kwamba Akeem habadiliki sana: anaingia mwema, anatoka mwema. Kwa sababu hiyo, kati ya watatu hawa, ninampa taji Billy Ray licha ya doa lake. Yeye peke yake anavuka mbele ya macho yetu kutoka kwenye kutojua hadi kwenye kujua, na kuvuka huko ndiko kunakokipa kicheko uzito.

Kwa nini sisi wanafunzi wa Kiswahili tujali? Kwa sababu nasi tunaandika na kuigiza vichekesho katika makongamano yetu, na njia ya mkato tunayoipenda mno ni kumvika mhusika lafudhi ya kabila fulani, kumfanya bawabu au yaya, kisha kusubiri ukumbi ulipuke. Ukumbi hulipuka kweli. Lakini mhusika huyo anajua nini ambacho mwajiri wake hajui? Ana zamu yake ya kucheka? Ikiwa hana, basi tumemuumba Xi mwingine, tena bila kipaji cha N!xau cha kumwokoa. Tumpe bawabu siri moja tu ambayo bwana mkubwa haijui, na tuone kama ukumbi utacheka kidogo au utacheka zaidi. Mimi nina hakika utacheka zaidi, na yule bawabu halisi aliyesimama mlangoni atacheka pamoja nasi.