Anga Letu Lisighushiwe

Hatuna ugomvi na picha za mapito ya nyota. Mpigapicha huisimamisha kamera mahali pamoja, akapiga, tuseme, picha 120 za sekunde 30 kila moja; kisha kompyuta huzipandanisha na kubakisha nuru iliyo kali zaidi katika kila nukta. Kwa kuwa dunia huzunguka nyuzi 15 kila saa, kila nyota huacha mstari wake. Kuunganisha huko si udanganyifu, maana muda ule ulipita kweli.

Udanganyifu huanza pale anga la nchi nyingine linapobandikwa juu ya ardhi yetu. Unguja iko nyuzi 6 hivi kusini ya Ikweta. Kwa hiyo ncha ya kusini ya anga, inayozungukwa na nyota, huinuka nyuzi 6 tu juu ya upeo wa macho. Ile ya kaskazini haionekani kamwe. Picha ya maduara kamili ya nyota yanayoelea juu sana ya mapaa ya Mji Mkongwe, basi, haisemi kweli.

Mvuvi anayekijua Kilimia ataitilia shaka. Mtoto wa shule ataiamini.

Tunatoa wito kwa viongozi wanaoidhinisha picha za vitabu na matangazo ya utalii: waulize kila picha ilipigwa wapi, na iliyounganishwa ielezwe hivyo chini yake. Mgeni aliyedanganywa ataondoka zake. Mtoto wetu atabaki na uongo huo.