Blackwood na Avalanche: Mkataba mpya sawa, ila miaka isiwe mingi

Desemba 2024 Mackenzie Blackwood alikuwa hajamaliza hata mwezi Denver, lakini swali tayari lilikuwa mezani: Colorado Avalanche wamwongezee mkataba sasa hivi au wasubiri?

Kipa huyo alitua kutoka San Jose Sharks Desemba 9, 2024, siku aliyotimiza miaka 28. Mkataba wake, wenye thamani ya dola milioni 2.35 kwa msimu, ulikuwa unaisha kiangazi cha 2025. Baada ya hapo angekuwa mchezaji huru, na klabu yoyote ya NHL, ligi kubwa ya hoki ya barafuni, ingeweza kumchukua bure.

Kwa nini walimtaka

Avalanche walianza msimu na Alexandar Georgiev golini, ikawa balaa. Kati ya kila mashuti 100, aliokoa kama 87 tu. Kipa wa uhakika huokoa 90 au zaidi.

Tofauti inaonekana ndogo, lakini kwenye hoki kipa hupigiwa mashuti karibu 30 kwa mechi. Maana yake timu inaanza mchezo ikiwa nyuma kwa karibu bao moja.

Sababu za kumbakisha

Mechi chache za Denver hazikutosha kumpima. Kipimo halisi kiko San Jose. Msimu wa 2023-24 Sharks walishika mkia, wakishinda mechi 19 kati ya 82. Mbele ya ukuta uliovuja hivyo, Blackwood bado aliokoa karibu mashuti 90 kwa kila 100.

Avalanche wenyewe ni mashahidi. Oktoba 2023 aliwazuia mara 51 katika mechi moja, wakaponea kwenye penalti.

Kuna pia suala la bei. Wakati huo hakuwa na jina kubwa. Angefanya vizuri kwenye mechi za mtoano, mawakala wake wangekaa mezani wakiwa na nguvu zote.

Hofu iko wapi

Makipa hawatabiriki, na Avalanche wanalijua hilo kuliko wengi. Darcy Kuemper aliwapa ubingwa wa 2022, kisha Washington Capitals wakampa miaka mitano na dola milioni 26.25. Ndani ya miaka miwili alishapoteza namba, akauzwa.

Georgiev naye alishinda mechi 40 katika msimu wake wa kwanza Colorado. Alipoporomoka, kilichowaokoa ni kwamba walimpa miaka mitatu tu, na msimu wa 2024-25 ulikuwa wa mwisho. Ilikuwa rahisi kuachana naye.

Blackwood ana historia ya majeraha, likiwemo la kisigino alipokuwa New Jersey Devils. Klabu hiyo ilimwachia mwaka 2023 kwa malipo madogo: nafasi moja ya kuchagua chipukizi katika raundi ya sita.

Halafu kuna mkwanja. Ukomo wa mishahara msimu wa 2024-25 ulikuwa dola milioni 88 kwa timu nzima. Nathan MacKinnon peke yake alichukua 12.6. Mkataba wa Mikko Rantanen, aliyekuwa akilipwa 9.25, nao ulikuwa unaisha kiangazi hichohicho, na wa Cale Makar ulikuwa wa kufuata 2027.

Uamuzi wenye akili

Kusubiri ni kamari mbaya. Wangempoteza Blackwood wangerudi sokoni kutafuta kipa mwingine, na msimu wa 2024-25 walikuwa wameshabadilisha makipa wote wawili ndani ya siku kumi.

Kwa hiyo wamwongezee, lakini miaka miwili au mitatu. Akidai nyongeza kidogo ya mshahara ili akubali muda mfupi, wampe. Nyongeza hiyo itauma, ila ina mwisho. Mkataba mrefu wa kipa aliyeshuka kiwango hauna mlango wa kutokea: hata ukiuvunja, sehemu ya fedha inaendelea kuhesabiwa kwenye ukomo.

Avalanche wana timu ya kubeba kombe sasa. Wanachohitaji ni kipa wa kipindi hiki. Wa 2030 watamtafuta wakati wake ukifika.