Muhuri Usiogongwa Usiwe Hatia ya Msafiri

Katika mashaka yote yanayomkabili mwananchi wa Afrika Mashariki anapotaka kusafiri ng'ambo, na mashaka hayo si haba, hakuna lililo dogo kwa umbo na kubwa kwa madhara kama kukosekana kwa muhuri mmoja katika kurasa za pasipoti yake. Ada ya viza hulipwa ikapita. Foleni ya wakala hupangwa ikaisha. Barua ya mwajiri, taarifa ya benki na bima ya safari hutafutwa zikapatikana. Lakini alama ile ya wino ambayo afisa wa mpakani alipaswa kuigonga asiigonge, au aliigonga kwa wino hafifu hata tarehe haisomeki, msafiri hawezi kuitengeneza kwa mali wala kwa juhudi, na siku itakapoulizwa, atakayeulizwa ni yeye. Nashika kalamu kutetea neno moja: kwamba muhuri ni wajibu wa dola, na kwa hiyo pengo lake lisihesabiwe kuwa hatia ya msafiri, na kwamba serikali zetu wenyewe zina uwezo wa kutukinga katika jambo hili, nasi tuna haki ya kuidai kinga hiyo.

Kila nchi ina kaida zake, nami nitatoa mfano katika nchi za Schengen, kwa sababu huko wengi wetu huelekea kwa masomo, biashara, matibabu na kuwazuru jamaa, na kwa sababu sheria yao juu ya jambo hili imeandikwa wazi, ikaweza kujadiliwa. Mapatano yaliyozaa jina hilo yalitiwa saini tarehe 14 Juni 1985, ndani ya meli katika mto Moselle, karibu na kijiji cha Schengen nchini Luxembourg, baina ya Ubelgiji, Ufaransa, Ujerumani Magharibi, Luxembourg na Uholanzi. Leo nchi zilizomo ni 29, na mgeni aliyekwisha kuingia katika mojawapo huzunguka katika nyingine, kwa kawaida, bila ya kusimamishwa mpakani. Kwa ajili hiyo safari nzima, hata ikipita katika miji mingi, ilikuwa ikiacha alama mbili tu: ya kuingia, ambayo ilikuwa mstatili wenye pembe kali, na ya kutoka, ambayo pembe zake zimeviringwa. Juu ya alama hizo mbili ndipo hesabu yote ilipokuwa ikisimama, kwani mgeni wa muda mfupi haruhusiwi kukaa zaidi ya siku 90 ndani ya kila kipindi cha siku 180, mwenye viza hubanwa zaidi na idadi ya siku iliyoandikwa katika viza yake, na siku ya kuingia na siku ya kutoka zote mbili huhesabiwa.

Sheria ya mipaka ya nchi hizo, iliyopangwa upya mwaka 2016, ilimwamuru afisa, katika kifungu cha 11, kugonga muhuri katika pasipoti ya mgeni anapoingia na anapotoka. Amri hiyo ilielekezwa kwa afisa, kwani mgeni hana kidau cha wino wala mamlaka. Hata hivyo kifungu kilichofuata, cha 12, kilisema kwamba pasipoti isipokuwa na muhuri wa kuingia, wenye mamlaka waweza kumdhania mwenye pasipoti kuwa hatimizi, au ameacha kutimiza, masharti ya muda wa kukaa. Dhana hiyo yaweza kutenguliwa kwa ushahidi wa kuaminika, mathalani tikiti za safari au uthibitisho wa kuwapo nje ya nchi hizo, na mgeni akithibitisha, afisa hutakiwa kuandika katika pasipoti tarehe na mahali alipovuka mpaka. Nakiri kwamba mlango huo wa kujitetea ni jambo la insafu. Lakini tazama mpangilio wake, ambao kwao aliyeacha wajibu haulizwi kitu, na aliyeachiwa pengo ndiye anayetumwa kutafuta mashahidi. Na upande wa kutoka, hali kwa vitendo ni hiyo hiyo, maana asiye na muhuri wa kutoka huonekana, kwa mujibu wa karatasi, kama mtu ambaye hajatoka.

Tuseme mama mmoja wa Tanga amealikwa na binti yake aliyejifungua huko Hamburg. Ombi lake la viza amelipeleka kwa wakati, si zaidi ya miezi 6 wala chini ya siku 15 kabla ya safari, kama kanuni inavyotaka. Amelipa euro 90, ambayo ndiyo ada ya mtu mzima tangu Juni 2024 na ambayo hairudishwi viza ikinyimwa. Ametoa alama za vidole, amekata bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, amekwenda, amempakata mjukuu wake, na amerudi kabla ya siku zake kwisha. Siku ya kuondoka uwanja umejaa, afisa ana haraka, pasipoti inafunguliwa na kufungwa, na mama huyo, ambaye lugha ya wenyeji hana na ambaye amefundishwa tangu utotoni kuwastahi wenye mamlaka, anaipokea kwa shukrani na kwenda zake. Anapoomba tena baadaye, ili amwone mjukuu akitembea, karani anafunua kurasa zile akaona kuingia asione kutoka. Mama huyo hakuvunja sheria yoyote. Ila sasa amekuwa mshitakiwa mbele ya karatasi, na vinavyoweza kumwokoa ni vitu ambavyo watu wengi huvitupa: kipande cha pasi ya kupandia ndege, risiti za siku zile, na zaidi ya yote muhuri wa Uhamiaji wa Tanzania wa siku aliyoshuka Dar es Salaam. Akinyimwa viza, kunyimwa huko huhifadhiwa katika kumbukumbu za nchi zile kwa miaka 5, na hata akielekea kwingine ataulizwa. Uingereza, kwa mfano, humtaka mwombaji aeleze safari zake za miaka 10 iliyopita na kama amepata kunyimwa viza na nchi yoyote.

Makadhi wa mwambao wetu wamehukumu tangu zama kwa kaida kwamba ushahidi humlazimu mwenye kudai, na mahakama zilizokuja baadaye kwa njia ya sheria ya Kiingereza zilishika msimamo ulio karibu na huo, kwa sababu akili ya binadamu mahali popote huona dhulma katika kumtaka mtu athibitishe kwamba hakutenda alilotuhumiwa. Mwenye duka ambaye ni juu yake kutoa risiti, akaacha kuitoa, hawezi kusimama kesho akadai kwamba mnunuzi hakulipa kwa kuwa hana risiti mkononi. Kama hukumu hiyo ni dhahiri katika biashara ya shilingi chache, itakuwaje ifichikane katika jambo linalomzuia mtu kumwona mwanawe, kumzika ndugu yake au kushika nafasi ya masomo aliyoipata kwa taabu?

Watakuja wenye kusema kwamba kila dola ina haki ya kujua nani ameingia na nani ametoka, na kwamba wako wageni wanaokwenda kwa viza ya matembezi wakapotelea huko. Yote mawili ni kweli, nami siyakani. Pasipoti yenyewe, kwa sura tunayoijua, ilitokana na hofu za Vita Kuu ya Kwanza. Mkutano ulioitishwa na Shirikisho la Mataifa mjini Paris, Oktoba 1920, ndio uliopendekeza kitabu cha namna moja chenye kurasa 32, na wajumbe wake wakakiri kwamba wakati wa kuziondoa pasipoti kabisa ulikuwa haujawadia. Zaidi ya miaka 100 imepita na wakati huo haujawadia bado, wala mimi sidai kwamba u karibu. Ninalodai ni kwamba haki ya kuwahesabu wageni huja pamoja na wajibu wa kuwahesabu sawasawa, na kwamba dola yenye maafisa, mitambo na daftari za abiria wa kila ndege inao uwezo wa kujua nani aliondoka, uwezo ulio mkubwa kupita kiasi ukilinganishwa na ule wa mama wa Tanga anayepekua mkoba wake kutafuta kipande cha karatasi.

Huenda msomaji akasema kwamba mjadala huu umepitwa na wakati, maana muhuri wenyewe unaondoka. Ni kweli unaondoka. Marekani iliacha mwaka 2013 kuwapa wageni wanaofika kwa ndege na meli kadi ya karatasi ya kuandikisha kuingia na kutoka, kumbukumbu yake ikahamia katika kompyuta. Hong Kong iliacha kuwagongea wageni mihuri mwaka huo huo. Na nchi za Schengen zilianza tarehe 12 Oktoba 2025 kuandikisha kuingia na kutoka kwa mitambo, kwa picha ya uso na alama za vidole, katika utaratibu uliopangiwa kuenea mipaka yote ya nje kufikia tarehe 10 Aprili 2026. Mtambo hauishiwi wino, na katika hilo una kheri. Lakini dhana ile ya zamani imehamia pamoja nao: mgeni asipoonekana katika kumbukumbu, au kutoka kwake kusipoandikwa, aweza kudhaniwa kuwa amepitisha muda. Tena kumbukumbu ya aliyetoka ikaandikwa huhifadhiwa miaka 3, ilhali ya yule ambaye kutoka kwake hakukuandikwa huhifadhiwa miaka 5, hata kosa, likitokea, likawa na umri mrefu kuliko usahihi. Na msafiri, ambaye zamani aliweza kufungua ukurasa akaiona kasoro angali mbele ya dirisha, sasa hana ukurasa wa kufungua. Sheria ya utaratibu huo imempa haki ya kuomba kuonyeshwa taarifa zake na kusahihishiwa, lakini haki ya kusahihishiwa humfaa aliye na kitu cha kusahihishia, na kitu hicho aghalabu hutoka katika nchi ya msafiri mwenyewe.

Hapo ndipo ninapogeukia nyumbani. Kama ngao ya raia wetu mbele ya dhana ya wageni ni ushahidi kwamba siku fulani alikuwa amekwisha kurejea kwao, basi ushahidi huo umo mikononi mwa Uhamiaji wetu, nao haupasi kutendewa kwa uzembe. Tazama mambo yanavyokwenda katika mipaka yetu ya Namanga, Horohoro, Holili na Tunduma. Basi hufika usiku, abiria hushuka na usingizi machoni, utingo huhimiza, na katika vituo vya pamoja, ambako dirisha la kutokea nchi moja na la kuingilia nchi ya pili yamo ndani ya jengo moja, ni rahisi mtu agongewe katika moja akalipita la pili, pasipoti yake ikabaki ikisema kwamba ameondoka Kenya asifike popote. Kwa kuwa Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, imetupa uhuru wa kutembeleana, wengi huona muhuri huo ni upuuzi. Na baina yetu huenda usiwe na uzito, lakini atakayezisoma kurasa hizo kesho katika ubalozi wa mbali hazisomi kwa jicho la ujirani. Kadhalika pasipoti zinapobadilishwa, kama ilivyokuwa Tanzania ilipoanza kutoa za kielektroniki mwaka 2018, mihuri ya miaka mingi hubaki katika kitabu cha zamani, na mwenye kukipoteza kitabu hicho hupoteza historia ya safari zake.

Kwa hiyo nayataka mambo matatu. La kwanza, kila raia aweze kupata kutoka Uhamiaji, kwa ada ndogo na ndani ya siku chache, orodha ya kutoka na kuingia kwake, yenye saini na muhuri, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, ambayo ubalozi wowote utaweza kuihakiki. Msingi wake tunao, kwani sheria ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022 juu ya ulinzi wa taarifa binafsi zimemtambulia mtu haki ya kuziona taarifa zake zilizohifadhiwa. La pili, katika mipaka yetu afisa asimwachie abiria kabla ya kuhakikisha kwamba alama zote mbili zimegongwa zikasomeka, na siku tutakapoiacha mihuri sisi nasi, msafiri apewe hati iliyochapwa ya siku na mahali alipovuka. La tatu, mabalozi wetu na Jumuiya yetu wawatake wenzao wa Ulaya kwamba mwombaji anapokosa alama, afisa apekue kwanza kumbukumbu za nchi yake na za shirika la ndege kabla ya kumdhania mtu ubaya, na kwamba dhana peke yake isitoshe kumnyima mtu viza.

Wajibu wa msafiri haujaondoka kwa kudai hayo. Afungue pasipoti yake kabla ya kuondoka dirishani, aisome tarehe, na akiona pengo aombe kwa adabu agongewe, kwani kuomba huko si utovu wa heshima; ahifadhi tikiti na pasi za kupandia ndege muda wote ambao safari hiyo yaweza kuulizwa; na pasipoti ya zamani aiweke pamoja na hati za nyumba na vyeti vya ndoa. Lakini tahadhari ya mtu mmoja mmoja haiwezi kuwa badala ya ulinzi wa serikali, kwa kuwa wanaohitaji ulinzi zaidi ni wale wasiojua la kuuliza. Kubadilisha sheria za Ulaya kutachukua miaka na ridhaa ya mataifa mengi. Kumpa raia karatasi inayoshuhudia kwamba alirejea kwao siku fulani, na kuisimamia karatasi hiyo mbele ya ubalozi wowote, kwaweza kuanza kwa waraka mmoja wa wizara, nao tunaweza kuudai mwaka huu.