Mtoko Wetu Usigeuke Kipimo cha Mfuko

Kimya changu cha wiki tatu kilikuwa cha mitihani, sikuwatupa. Wanaosoma ualimu wanaelewa: mtihani wa saikolojia ya mtoto, wa mdomo, kwa Kicheki, mbele ya walimu wawili wasiocheka, si mchezo. Umepita, namshukuru Mungu. Leo tuache mitihani, tuongee starehe. Nataka tuzungumze kuhusu hii mitoko yetu ya wikendi, sisi wa Afrika Mashariki tunaosoma hapa Brno pamoja na marafiki tuliowapata huku Ucheki.

Niseme moja kwa moja, atakayenuna anune: mitoko yetu imeanza kuchuja watu.

Oktoba mwaka jana tulikuwa kumi na wanne kila tukitoka. Ilipofika Machi tumebaki sita. Wale wanane hawajahama mji, tunapishana nao maktaba na kantini kila siku. Ukiwaalika utasikia "nina mtihani", "kichwa kinaniuma", "leo nafua". Jamani, mtu gani anafua kila Jumamosi? Ukweli ambao kila mmoja anaujua na hakuna anayeutamka ni kwamba hawana hela, na mitoko inapangwa kana kwamba kila mtu anayo.

Tupige hesabu. Mtoko wa mwisho ulikuwa bouling, halafu baga, halafu vinywaji, halafu teksi kwa sababu ya baridi. Kila mtu alitoka na pengo la koruna 700 hivi. Kwangu mimi ninayejipikia hosteli, hiyo ni hela ya chakula cha siku nne. Kwa mshikaji wangu anayebeba maboksi ghalani usiku, ni saa tano au sita za kuinama na kuinuka. Sasa mwambie mtu wa namna hiyo "twende tukapunge upepo". Upepo gani wa koruna 700?

Mifuko yetu haifanani, na hilo lina sababu zake. Miaka ya 60, enzi za Chekoslovakia, Praha kulikuwa na Chuo Kikuu cha 17 Novemba, kilichoanzishwa 1961 kwa ajili ya wanafunzi kutoka Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, kikafungwa 1974. Wengi waliopita pale walikuja kwa ufadhili wa serikali, kwa hiyo angalau hela zao zilikaribiana. Sisi wa leo ni mchanganyiko. Yuko mwenye ufadhili, yuko ambaye baba anatuma kila mwezi, na yuko aliyekuja kwa sababu vyuo vikuu vya umma huku havitozi ada ukisoma kwa Kicheki. Huyu wa mwisho ada hana, sawa, lakini kodi ya chumba, chakula na bima anavitafuta mwenyewe. Wote watatu tunakaa meza moja, halafu mwenye kutumiwa na baba ndiye anachagua mgahawa. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Halafu kuna suala la nani analipa. Nyumbani ukimwambia mtu "twende nikakupe soda", soda ni juu yako, hakuna mjadala. Huku ukikaa baa, mhudumu anaweka kikaratasi mezani na kila kinywaji anakichorea kamstari. Mkitaka kuondoka anauliza kama mnalipa pamoja au kila mtu na lake. Wacheki wengi watasema kila mtu na lake, wala hakuna anayeona ni uchoyo. Utaratibu wa kwetu ni mzuri, na wa kwao hauna ubaya. Tatizo letu ni kuvichanganya: tunaalika Kibongo, tunalipa Kicheki. Mtu anaitwa kwa bashasha zote, "njoo bwana, usituangushe", anakuja akidhani amealikwa, na mwisho wa usiku kikaratasi kinazunguka meza nzima hadi kinamfikia. Akishaaibika mara moja, wiki inayofuata anafua.

Na wapo wanaochujwa kwa sababu nyingine kabisa. Tuna ndugu zetu Waislamu kwenye kundi, wa Zanzibar, Mombasa na kwingineko. Ucheki ndiyo nchi inayoongoza duniani kwa bia kwa kila kichwa, kwa hiyo ukisema "tukutane mahali" hapa mjini, mahali ni baa. Kweli Kofola ipo, ile soda nyeusi ya kwao iliyoanza mwaka 1960, na baa nyingi zinaimimina kwa bomba kama bia. Na afadhali tangu Mei 2017 kuvuta sigara ndani ya baa na migahawa ni marufuku, maana moshi ungetumaliza. Lakini kumweka mtu asiyekunywa saa nne mbele ya glasi ya Kofola huku meza nzima inazidi kupandisha sauti, hapo umemwalika kuangalia starehe ya wengine.

Nalisema hili kama mwalimu mtarajiwa. Shule za msingi za huku zina utaratibu wa kupeleka darasa zima milimani au msituni kwa siku kadhaa, wanaita shule kwenye asili. Watoto wanalala huko na mwalimu wao, wanasoma asubuhi, mchana wanatembea. Ni utaratibu mzuri sana na natamani tungekuwa nao. Ila wazazi wanachangia gharama, na mtoto ambaye kwao hakuna kitu anaweza kubaki. Darasa linarudi na vicheko na hadithi ambazo yeye hazimhusu. Darasani tunafundishwa kwamba mwalimu makini huanza kumtazama huyo mtoto kabla ya kupanga safari, wala hangoji safari iishe. Tuna miaka ishirini na ushee sasa, lakini "leo nafua" ni lugha ileile ya mtoto anayesema tumbo linamuuma siku ya safari.

Cha kushangaza, dawa iko mlangoni na wenye nchi wametuwekea bure. Wacheki ni watu wa kutembea kwa miguu. Chama chao cha watembeaji kilianzishwa 1888, na mwenyekiti wa kwanza alikuwa Vojta Náprstek, yule ambaye makumbusho yake Praha yana vitu vya Asia, Afrika na Amerika. Mwaka 1889 wakachora alama za njia ya kwanza. Leo nchi nzima ina zaidi ya kilomita 40,000 za njia zenye alama: mstari mmoja wa rangi, nyekundu, bluu, kijani au njano, katikati ya mistari miwili myeupe, umepakwa kwenye mti, nguzo au jiwe. Wanaopaka ni watu wa kujitolea. Huhitaji kujua Kicheki, huhitaji mwongozaji, unafuata rangi tu. Na sheria ya misitu ya mwaka 1995 inampa kila mtu haki ya kuingia msituni na kuokota matunda ya porini na kuni kavu zilizoanguka, kwa matumizi yake. Kila mtu maana yake hata wewe na mimi wenye kibali cha mwanafunzi. Uyoga nao wanaokota, ila huo nendeni na Mcheki anayeujua vizuri, maana mwingine unaua.

Tukitaka mfano wa karibu, upo Macocha. Unapanda treni Brno, unashuka Blansko, unafuata alama hadi Skalní Mlýn, kisha unapanda mlima. Juu kuna shimo la ardhini lenye kina cha mita 138 na ushee, na mto Punkva unapita chini yake. Kuingia mapangoni na kupanda mashua kule chini ni kwa tiketi, lakini kusimama kwenye roshani ya juu na kuchungulia shimo ni bure. Jina lenyewe maana yake mama wa kambo. Hadithi yao inasema mama wa kambo alimsukuma mtoto shimoni, mtoto akanasa kwenye tawi akaokolewa, na wanakijiji wakamtupa mama mwenyewe. Mjomba wangu angeisimulia hiyo kama ya kwetu kabisa.

Hata treni isikutishe. Wanafunzi wa chini ya miaka 26 wana punguzo la nauli: lilikuwa asilimia 75 kuanzia 2018, na tangu 2022 ni asilimia 50. Na kama hata hiyo ni nzito, panda tramu, ambayo watu wa Brno wanaiita šalina, hadi bwawani Bystrc. Kuna meli za umeme zinazofanya safari pale tangu 1946, lakini njia ya kando ya maji hadi ngome ya Veveří unaitembea kwa miguu yako. Au kaeni tu kwenye bustani ya Lužánky, iliyofunguliwa kwa wananchi mwaka 1786, na mpira na chapati.

Najua mtasema "na baridi je?" Ni kweli, Desemba jua linazama kabla hata ya saa kumi na nusu jioni na mtu unajisikia kama umefungiwa kabatini. Lakini hapo ndipo mtu anahitaji watu zaidi. Jiko la hosteli lipo, unga wa mahindi upo, karata zipo. Mvietinamu wa ghorofa ya pili alituletea tambi zake mwezi wa kwanza tukampa maharage ya nazi, na usiku ule nilicheka kuliko mitoko yote mitatu ya baa iliyofuata.

Wengine watasema wenye hela wawalipie wasio nazo, basi yaishe. Mara moja ni ukarimu. Mara ya nne aliyelipiwa anajiona mzigo, na hawezi tena kukubishia hata kwenye hoja ya mpira. Na wapo watakaosema namuonea wivu anayejiweza. Hapana. Hela yako, jasho lako, nenda bouling hata kila siku. Ninachokataa ni huo kuitwa mtoko wa kundi.

Mwezi wa pili mwenzetu mmoja alirudi nyumbani bila kumaliza mwaka. Sisemi ni kwa ajili ya mitoko, mambo ya mtu yana mengi ndani. Lakini habari ilipofika, kundi zima lilikuwa linaulizana nani alimwona mara ya mwisho na wapi. Mtu alikaa mita mia mbili kutoka kwetu. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu, wala si makubwa. Kwanza, kila meseji ya mtoko itaje bei mapema, na iseme wazi kama umealikwa au kila mtu na lake. Pili, kwa kila mtoko mmoja wa kulipia, mitatu iwe ya bure au ya nauli tu. Tatu, mtu akikataa mara mbili mfululizo, mmoja wetu akamgongee mlango, na asiende kumhoji, akamwombe chumvi tu wakae waongee.

Tuanze Jumamosi hii. Saa tatu asubuhi, stesheni kuu, tunaenda Macocha. Beba mkate, beba chai ya kwenye chupa, soseji ziwe za kuku ili wote tule. Nauli ni nusu kwa wenye punguzo, kiingilio hakuna. Na mwenye nguo za kufua, azifue Ijumaa.