Kazi Ikihama, Nani Analipa Nauli?

Kuna hii hoja watu hupenda kurusha: "Kazi zikiisha hapa, si vijana wahamie kwenye kazi?" Inasikika poa. Sasa hebu tuipeleke Mombasa, na barabara ya kwenda Nairobi.

Treni ya mizigo ya SGR ilianza Januari 2018. Agosti 2019 serikali ikaagiza mizigo yote ya Nairobi na bara ipande treni. Watu wa Mombasa wakaandamana, wakaitwa wapinga maendeleo. Zii. Walikuwa wanapiga hesabu.

Lori si dereva peke yake. Kuna tanboi, fundi wa matairi, askari wa yadi, mama wa chapati Mariakani, mwenye lojingi Mtito Andei. Lori lisipopita, hao wote wanakosa, na wengi wao hawapewi barua ya kufutwa. Kwa hivyo hata kuhesabiwa hawahesabiwi.

Haya, waambie wahame. Nauli iko wapi? Kodi ya kuanzia Nairobi je? Na yule wa lojingi atamuuzia nani jengo wakati wateja wametoweka? Anayehama haraka ni kijana asiye na mtoto wala ploti. Wengine wanabaki kugombania vibarua vilevile, na malipo yanashuka.

Si sisi tu. Mchumi David Autor na wenzake walifuatilia sehemu za Marekani zilizopoteza kazi za viwandani bidhaa za China zilipojaa sokoni. Zaidi ya miaka 10 baadaye, nyingi bado zilikuwa hazijapona. Na hao wana malipo ya serikali ukikosa kazi!

Mahakama Kuu ilifuta lile agizo Novemba 2020. Septemba 2022, siku ya kuapishwa, Rais Ruto akatangaza shughuli za kutoa mizigo zirudi Mombasa. Sawa. Lakini kibanda kilichokufa hakifufuliwi na tangazo.

Mimi chuo niliacha, digrii ya uchumi sina, na treni siipingi. Ninachosema ni hiki: bajeti ya reli ikipangwa, ipangwe pia ya miji itakayorukwa. Mikopo, mafunzo, nafasi za biashara kwenye stesheni, na vije kabla ya treni ya kwanza, si baada ya maandamano. La sivyo, maendeleo ya nchi nzima tunamlipisha mama wa chapati.