“Tutaswali Tukifika”



Ndugu wasomaji, shule zinapofungwa, baadhi ya familia zetu huwatembelea jamaa walioko Ghuba. Wenyeji wa Al Ain, katika Falme za Kiarabu, hupenda kuwapeleka wageni wao baharini Suhar, nchini Oman. Njia ni zaidi kidogo ya kilomita 100. Msafiri huuacha mchanga wa jangwa, huvuka mpaka karibu na Buraimi, hupita milima ya Hajar kwa kulifuata bonde la Wadi al-Jizzi, kisha huteremka pwani ya Batina. Suhar si mji mgeni katika historia yetu. Ahmad bin Said, aliyekuwa liwali wake katika karne ya 18, ndiye mwasisi wa utawala wa Al-Busaidi. Na mjukuu wake, Sayyid Said, ndiye aliyehamishia makao yake Unguja.

Tumeipita njia hiyo pamoja na watoto, na ni ya kupendeza. Lakini safari fupi ina hatari yake. Kwa kuwa ni fupi, hatuipangii swala. Tunakagua pasi, bima ya gari na chakula cha watoto, kuhusu swala tunasema, “Tutaswali tukifika.” Foleni ya mpakani ikirefuka, adhuhuri inatoka na alasiri inafuata, huku watoto wakitutazama.

Wapo wanaodhani kwamba rukhsa ya msafiri haiwahusu waendao matembezi. Dhana hiyo si sahihi. Rukhsa imefungamana na safari yenyewe, maadamu si ya maasi. Aya ya 101 ya Surat An-Nisaa inataja kupunguza swala pamoja na hofu ya adui. Sayyidna Umar (r.a.) alimuuliza Mtume (s.a.w.) vipi ipunguzwe ilhali watu wamekwisha kuwa katika amani, naye akambainishia kuwa hiyo ni sadaka ya Allah (s.w.), basi ipokelewe.

Katika madhehebu ya Shafii, masafa ya kupunguza ni kilomita 80 na ushei, hivyo Suhar imo. Rukhsa huanza baada ya kuyapita majengo ya mji. Ikiwa adhuhuri imewakuta njiani, nuieni kabla ya wakati wake kutoka kwamba mtaichelewesha na kuijumuisha na alasiri. Mkifika, mtaswali kila moja rakaa mbili. Maghribi haipunguzwi, bali yaweza kujumuishwa na isha. Mkimfuata imamu mkazi, kamilisheni rakaa nne. Na atakayenuia kukaa Suhar siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na ya kutoka, amekuwa mkazi tangu alipofika.

Wekeni ndani ya gari dumu la maji ya udhu na mkeka. Wafundisheni watoto kibla pia. Aliyezoea kuelekea kaskazini Dar es Salaam atashangaa kuambiwa kwamba Oman anaelekea upande wa magharibi. Mshangao huo ni somo: Al-Kaaba ni moja, sisi ndio tuliohama. Mkisimama, chagueni mahali pa salama, wala msiingie bondeni mvua inaponyesha milimani, kwani mafuriko huja ghafla.

Mtume (s.a.w.) ameelekeza kuwa watu watatu wakisafiri, wamteue mmoja wao kuwa amiri. Baba akiwa ndiye amiri, uamiri wake si kushika usukani tu. Ajue swala itawakutia wapi, na ahakikishe kuwa mama naye anapata nafasi ya kutawadha na kuswali kwa utulivu, badala ya kuachiwa watoto hadi wakati umtoke.

Watoto watayasahau mawimbi ya Suhar. Kama baba yao alisimamisha gari kwa ajili ya swala au alipita tu, hilo huenda wasilisahau.

Wabillahi tawfiq.